Jackie Robinson, Mchezaji Aliyekatazwa Kujibu

Wapenzi wa kandanda hapa kwetu Pwani hawahitaji kufundishwa habari za Pele. Lakini ukilitaja jina la Jackie Robinson barazani, huenda ukaulizwa alichezea timu gani. Si ajabu. Mchezo wake, besiboli, haukupata kushika mizizi katika nchi zetu. Hata hivyo mtu huyu, aliyefariki dunia mwaka wa 1972, anafaa kujulikana na kila mtu aliyewahi kulipa kiingilio akaingia uwanjani. Tena sisi Wakenya tunayo sababu yetu wenyewe ya kumkumbuka, nayo nitaieleza mbele.

Mimi ni mshabiki wa michezo tangu utotoni, na nimekaa vitini miaka mingi nikitazama ushindi na vituko. Lililonivuta katika maisha ya Robinson si ustadi wake peke yake. Ni wale watu waliokaa wakimtazama. Kila nisomapo habari zake hujiuliza: mtazamaji ana sehemu gani katika mchezo? Je, yeye ni mtu aliyekuja kupiga kelele tu kisha akaenda zake nyumbani, au naye pia anacheza?

Mtoto wa Georgia

Jack Roosevelt Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919, karibu na mji mdogo uitwao Cairo, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alikuwa kitindamimba wa watoto watano. Babake aliihama nyumba Jackie akiwa angali mchanga, na mwaka wa 1920 mamake, Bi Mallie, akawapakia wanawe katika gari la moshi akaenda nao Pasadena, California. Huko alifanya kazi katika nyumba za watu, akawalea watano wale kwa jasho lake.

Michezo ilikuwa katika damu yao. Kakake, Mack, alikimbia mbio za mita 200 katika Olimpiki ya Berlin mwaka wa 1936 akapata nishani ya fedha, nyuma ya Jesse Owens. Aliporudi nyumbani na nishani yake, kazi aliyoipata ilikuwa ya kufagia barabara. Jackie aliyaona hayo kwa macho yake, akajua mapema kwamba mtu mweusi wa nchi ile aweza kushangiliwa leo na kesho akapewa ufagio.

Katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles alikuwa mwanamichezo wa kwanza kutunukiwa heshima ya chuo kwa michezo minne: riadha, mpira wa kikapu, kandanda ya Kimarekani na besiboli. Ajabu ni kwamba besiboli, iliyompa jina, ndiyo aliyoicheza kwa udhaifu zaidi huko chuoni.

Mwaka wa 1942 aliitwa jeshini, akapata cheo cha luteni. Mwezi wa Julai 1944, katika kambi ya Hood jimboni Texas, dereva wa basi la kambi alimwamuru aende akakae nyuma, mahali walipotengewa watu weusi. Robinson alikataa. Jeshi lenyewe lilikuwa limekwisha kupiga marufuku ubaguzi katika mabasi yake, naye alilijua hilo. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akajitetea, na mwezi wa Agosti akaachiliwa huru.

Msomaji na alishike vizuri tukio hili la basi, kwani bila ya hilo hatayaelewa yaliyofuata. Robinson hakuwa mtu mpole. Alikuwa na hasira ya karibu na ulimi mkali, na hakuzoea kuonewa akanyamaza. Na huyu ndiye aliyekuja kutakiwa anyamaze.

Mapatano ya Brooklyn

Wakati huo ligi kubwa za besiboli zilikuwa za wachezaji weupe peke yao. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa ya kuwakataza weusi, bali palikuwa na mapatano ya kimya kimya yaliyodumu zaidi ya miaka hamsini. Weusi walikuwa na ligi zao, wakisafiri usiku kucha kwa mabasi na kulala pale walipopokewa. Robinson alicheza huko mwaka wa 1945 katika timu ya Kansas City Monarchs.

Tarehe 28 Agosti 1945 aliitwa Brooklyn, New York, na Bwana Branch Rickey, mkuu wa timu ya Dodgers. Rickey alikuwa mfanyabiashara hodari, tena mshika dini. Alitaka kuuvunja ukuta ule, lakini alijua kwamba mweusi wa kwanza akipigana mara moja tu, maadui watapata kisingizio cha kuufunga mlango tena. Kwa muda wa saa nzima na zaidi alimwigizia Robinson matusi yote atakayotukanwa: ya wachezaji, ya watazamaji, ya wenye mahoteli. Kisha akamtaka atoe ahadi kwamba hatajibu, si kwa mkono wala kwa mdomo. Robinson alifikiri, akakubali. Hakupelekwa Dodgers mara moja. Kwanza alitumwa Canada, katika timu yao ndogo ya Montreal Royals.

Mji wa hoki

Hapa yafaa tusimame kidogo tuutazame mji wenyewe. Sisi hoki tunayoijua ni ile ya nyasini, ambayo Kenya iliwahi kushika nafasi ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 1964. Hoki ya Canada ni nyingine kabisa. Huchezwa juu ya barafu, wachezaji sita kila upande akiwamo kipa, wamevaa viatu vyenye vyuma vikali chini yake, na mahali pa mpira pana kisahani kigumu cheusi kiendacho kasi ya kutisha. Ligi ikimalizika, timu bora huingia katika michuano ya Kombe la Stanley. Timu mbili hukutana hata mara saba, na ile itanguliayo kushinda mara nne ndiyo isongayo mbele. Fikiri Feisal na Mwenge wakutane mara saba katika majuma mawili! Watu wale wale wanagongana usiku baada ya usiku, mpaka kila kiwiko kilichopigwa jana kinadaiwa leo. Michuano hiyo haitazamwi kwa moyo mwepesi.

Montreal walikuwa mabingwa wa mambo hayo. Wengi wa wakazi wake ni watu wasemao Kifaransa, nao wakati ule walijiona wanyonge katika mji wao wenyewe, kwani fedha na vyeo vikubwa vilikuwa mikononi mwa wasemao Kiingereza. Shujaa wao alikuwa Maurice Richard wa timu ya Canadiens, ambaye katika msimu wa 1944 hadi 1945 alifunga mabao 50 katika mechi 50. Richard alipofunga, mnyonge wa Montreal alijiona amefunga yeye.

Tarehe 9 Aprili 1946 Canadiens waliwashinda Boston wakalitwaa Kombe la Stanley. Siku tisa tu baadaye, tarehe 18 Aprili, Jackie Robinson alivaa jezi ya Montreal kwa mara ya kwanza katika mechi ya ligi. Basi ukiuliza kwa nini mji ule ulimpokea kama ulivyompokea, nadhani jibu moja limo humo. Watu wale walikuwa wamekwisha kujifunza, kwenye baridi ya barafu, kumfanya mchezaji mmoja kuwa ndugu yao na kuyachukua maumivu yake kama yao.

Siku ya Jersey City

Mechi hiyo ya kwanza ilichezwa ugenini, mjini Jersey City. Kwa asiyeujua mchezo, besiboli ina ujamaa na kriketi. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo la mti, kisha anakimbia kupitia vituo vinne. Akikizunguka chote na kurudi nyumbani, hilo ni bao. Mkimbiaji hodari aweza pia kuiba kituo, yaani kuchomoka mrushaji anaporusha au kuduwaa, akafika mbele kabla ya mpira. Kuiba huku ndiko kulikomfanya Robinson atishe. Alikuwa akicheza kama paka mbele ya kuku: hatua moja mbele, mbili nyuma, mpaka mrushaji akachanganyikiwa.

Zamu yake ya kwanza siku ile hakufanya kitu. Zamu ya pili aliupiga mpira ukaruka nje ya uwanja, na kwa pigo hilo moja yakaingia mabao matatu. Ilipokwisha mechi alikuwa amepiga vizuri mara nne katika zamu tano, ameiba vituo viwili na ameingia nyumbani mara nne. Montreal walishinda kwa mabao 14 kwa 1. Mimi nimeona siku nyingi nzuri viwanjani, lakini sijui kama nimewahi kusikia habari ya mtu aliyebeba mzigo mzito namna hiyo akacheza kwa wepesi namna ile.

Kumbuka kwamba majuma machache kabla ya hapo, katika mazoezi huko Florida, mji wa Sanford ulikuwa umemfukuza, na mjini Jacksonville milango ya uwanja ilifungwa kwa makufuli ili asiingie. Alikuwa ameoa mwezi wa Februari tu. Bibi arusi, Rachel, aliyaona yote hayo akiwa pamoja naye.

Huko Montreal wawili hao walipanga nyumba katika mtaa wa watu wasemao Kifaransa. Rachel alikuwa mja mzito. Akina mama jirani walimsaidia kushona nguo na kumpa sehemu ya vibali vyao vya chakula, kwani bado kulikuwa na mgao. Kwetu tungesema huo ni ujirani wa kawaida tu. Kwa watu waliotoka Florida, ulikuwa ni rehema.

Zomea ya Louisville na shangwe ya Montreal

Royals waliongoza ligi yao, na Robinson akawa mpigaji bora kuliko wote. Kisha ikaja fainali dhidi ya timu ya Louisville, Kentucky. Nayo ilikuwa kama ile ya hoki, mechi saba, atanguliaye kushinda nne ndiye bingwa. Mechi tatu za kwanza zilichezwa huko Louisville. Watazamaji walimzomea na kumtukana kila alipoonekana. Robinson alifanikiwa kupiga mara moja tu katika mechi zote tatu, na Montreal wakashindwa mbili. Atakayesema kwamba kelele za vitini hazichezi mpira, na azitazame mechi hizo tatu.

Habari zilifika Montreal kabla ya timu. Louisville walipoingia katika uwanja wa Delorimier, watu wa mji waliwazomea kila mmoja wao, mechi nzima, bila ya kupumzika. Hapa mimi huona tabu kidogo. Wengi wa wachezaji wale wa Louisville hawakumtukana mtu. Walilipishwa deni la mji wao. Lakini Robinson mwenyewe alikuwa amefungwa mdomo kwa ahadi, na nadhani watu wa Montreal waliona kwamba asiyeweza kujisemea anahitaji wa kumsemea. Mechi ya kwanza ya nyumbani ilikwenda mpaka muda wa ziada, na pigo la ushindi likawa la Robinson. Wakashinda ya pili, na tarehe 4 Oktoba 1946 wakashinda ya mwisho na kuwa mabingwa.

Watu walijaa uwanjani hawataki kutoka, wakiimba na kumwita. Alipotoka nje wakambeba, wakambusu, wakamrarua nguo kwa furaha. Alikuwa na safari ya kuwahi, akakimbia, na umati ukamfuata mbio barabarani. Mwandishi mmoja aliyekuwapo aligundua ajabu ya jambo lile: katika nchi ya Robinson, mweusi aliyekimbizwa na umati wa weupe alikuwa akikimbilia uhai wake. Hawa walimkimbiza kwa mapenzi.

Gharama ya kunyamaza

Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia uwanjani Brooklyn na jezi ya Dodgers, namba 42 mgongoni, akawa mweusi wa kwanza katika ligi kubwa za karne ile. Baadhi ya wenzake walikuwa wamezungusha waraka wa kumkataa. Pee Wee Reese, nahodha wa baadaye, alikataa kutia sahihi. Reese alilelewa Louisville, mji ule ule uliomzomea Robinson. Basi usimhukumu mtu kwa mji wake.

Mwezi ule ule timu ya Philadelphia ilikuja Brooklyn, na kocha wao, Ben Chapman, akaongoza matusi ambayo hayaandikiki katika gazeti hili. Baadaye Robinson alikiri kwamba siku hiyo alikaribia sana kuivunja ahadi yake, aende akampige mtu, kisha aachane na besiboli kabisa. Hakwenda. Alikuja kuchomwa kwa viatu vya miiba, akarushiwa mipira ya kichwa, akaandikiwa barua za vitisho vya kifo. Mwisho wa msimu alichaguliwa mchezaji bora kati ya wapya wote.

Waswahili twasema subira yavuta heri, na ni kweli. Lakini tusidhani kwamba subira haina bei. Huko nyuma, katika msimu wa Montreal alipokuwa akishangiliwa, Robinson hakuweza kulala wala kula vizuri, hata daktari akamwamuru apumzike kabla akili yake haijachoka kabisa. Tusi lisilojibiwa halipotei. Humezwa, na hukaa ndani. Ilipofika mwaka wa 1949 alifunguliwa ahadi yake, akaanza kubishana na waamuzi na kujibu kama mchezaji mwingine yeyote. Mwaka huo huo alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Na ndipo wengi waliomsifu kwa unyenyekevu walipoanza kumwita mkorofi. Walichokipenda kumbe ni kimya chake.

Alicheza fainali kuu sita, akashinda moja tu, ya mwaka wa 1955 dhidi ya Yankees. Katika mechi ya kwanza ya fainali hiyo, akiwa na umri wa miaka 36 na mwili umekwisha kuwa mzito, aliiba kituo cha nyumbani chenyewe, wizi mgumu kupita wote. Mdakaji wa Yankees, Yogi Berra, aliruka kwa hasira na hakupata kukubali maisha yake yote kwamba Robinson alifika salama. Ubingwa ulipatikana tarehe 4 Oktoba, siku na mwezi ule ule wa shangwe ya Montreal.

Mwaka huo wa 1955 ndio pia uliotuonyesha upande wa pili wa mapenzi ya Montreal. Mwezi wa Machi, Maurice Richard alipofungiwa asicheze michuano ya kombe kwa kumpiga msaidizi wa refa, watu walifanya ghasia, wakavunja madirisha ya maduka mpaka usiku wa manane. Umati ni kama bahari. Siku moja hukubeba, siku nyingine huzamisha.

Na hoki yenyewe ilichelewa. Mweusi wa kwanza katika ligi yao kubwa, Willie O'Ree, alicheza tarehe 18 Januari 1958, miaka kumi na zaidi baada ya Robinson. Alivaa jezi ya Boston, na mechi ilikuwa Montreal. O'Ree husimulia kwamba alipokuwa mtoto alikutana na Robinson, akamwambia kwamba yeye hucheza besiboli na hoki pia, naye Robinson akashangaa kusikia kwamba kuna weusi wachezao hoki.

Mkono wake Kenya

Robinson alicheza msimu wake wa mwisho mwaka wa 1956, na mwaka wa 1962 akawa mweusi wa kwanza kuingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli. Katikati ya miaka hiyo ndimo ilimo sababu yetu. Marehemu Tom Mboya alikuwa amezunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. Nafasi zilipatikana, nauli hazikuwapo. Robinson, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani michango. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ikafika New York na vijana 81. Wengi wao walirudi kuishika nchi baada ya uhuru. Mtu ambaye hatukupata kumwona akicheza alitusaidia kulipa nauli.

Mwisho wake haukuwa mwepesi. Mwanawe wa kwanza, Jackie mdogo, alijeruhiwa vitani Vietnam, akarudi na uraibu wa dawa za kulevya, akaushinda, kisha akafa kwa ajali ya gari mwaka wa 1971 akiwa na miaka 24. Robinson mwenyewe aliliwa na kisukari, macho yakafifia, nywele zikawa nyeupe. Tarehe 15 Oktoba 1972 aliheshimiwa mbele ya umati mkubwa huko Cincinnati. Wangetosheka kama angeshukuru akaketi. Yeye alishukuru, kisha akasema kwamba atafurahi zaidi siku atakapomwona mweusi akiongoza timu. Siku tisa baadaye, tarehe 24, moyo ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 53. Mweusi wa kwanza kuongoza timu alianza kazi mwaka wa 1975.

Mwanawe mwingine, David, alihamia jirani zetu Tanzania katika miaka ya 1980, akalima kahawa huko Mbozi. Na tangu mwaka wa 1997 namba 42 imestaafishwa katika timu zote za ligi kubwa. Huvaliwa siku moja tu kwa mwaka, tarehe 15 Aprili, na siku hiyo huvaliwa na wachezaji wote.

Nimewahi kusikia katika viwanja vyetu mchezaji akitukaniwa rangi yake, kabila lake, na asili ya babu zake, na watu wazima wenye heshima zao wakicheka. Husemwa kwamba ni maneno ya mpira tu, yataishia langoni. Maisha ya Jackie Robinson yanasema sivyo. Maneno yale yalimfuata nyumbani, yakalala naye kitandani, na yalimpunguzia siku. Lakini maisha yake yanasema pia kwamba watu wasiomjua, wasiosema lugha yake, waliweza kwa sauti zao kumrudishia nguvu katika mechi tatu za mwezi wa Oktoba. Kelele zote mbili zilitoka vitini, kwa watu waliolipa kiingilio kama mimi na wewe.